Disketi Iliyofukizwa Udi

Niliamini kwa moyo wangu wote kwamba hewa ya chumvi hulamba herufi zilizomo ndani ya disketi. Aliyeniambia ni mwenzangu wa kiwanda cha chumvi kule Gongoni, na hoja yake sikuwa na pa kuipingia.

"We hujaona chumvi inavyokula baiskeli? Chuma kizima! Itaacha herufi, kitu kisicho hata uzito?"

Akaapa kwamba kuna mtu aliiacha disketi yake dirishani, na aliporudi alikuta zimebaki nukta na mikato tu, maana hizo hazina nyama.

Wakati huo nilikuwa nasoma shule ya jioni pale Malindi mjini. Kompyuta mbili, wanafunzi kama mia tisa hivi. Zilikuwa na kisogo kama cha kiboko. Tulivua viatu mlangoni, na baada ya darasa tulizifunika vitambaa vya kufuma kama redio ya bibi harusi. Ukiiwasha moja, unaweza kwenda sokoni, ukune nazi, upike wali, urudi uikute bado yajinyoosha. Siku hizi simu yangu hubeba picha za harusi za ukoo mzima. Disketi yangu ya shule, kile kibamba cha plastiki cha kuhifadhia kazi ya kompyuta, ilibeba barua moja, nami nikaiona kama hazina ya sultani.

Na kweli ilikuwa hazina. Kiwandani palipatikana nafasi ya karani, kazi ya kukaa kivulini, na meneja alitaka mtu mwenye cheti cha kuchapa. Cheti chenyewe kilitegemea barua hiyo ya kibiashara, niliyoidonoa jioni baada ya jioni. Jumamosi asubuhi mwalimu angeichapisha kwenye karatasi na kuisahihisha.

Ijumaa, nyumbani Muyeye, nikamweleza mke wangu hofu yangu.

"Basi tuifukize," akasema. "Nguo zikiingia unyevu si huzifukiza?"

"Usije ukaiunguza, mama watoto."

"Kanzu zako zote nafukiza mimi. Ipi imewahi kuungua? Nionyeshe tundu!"

Nikamkabidhi disketi. Akatia makaa na udi kwenye chetezo, akafunika kwa tenga, akaiweka disketi juu yake. Nyumba ikanukia hata majirani wakauliza ni nani anaolewa.

Asubuhi nikaingia darasani kifua mbele.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba. Mbona leo wanukia kama bwana harusi?"

Darasa likacheka. Nikampa disketi. Akaisukuma kwenye mashine, ikagoma. Akaisukuma tena, mashine ikakoroma kama mbuzi aliyekabwa na kamba. Akaitoa, akaiinua kwenye mwanga wa dirisha. Ilikuwa imepinda kama papa mkavu.

"Hii ilikuwa wapi?"

"Juu ya chetezo, mwalimu. Naikinga na chumvi."

Yeye hakucheka. Alifungua kabati, akatoa disketi mpya.

"Keti uchape upya. Nafunga alasiri."

Bahati yangu, barua ile nilikuwa nimemsomea mke wangu hata kuku wa uani waliihifadhi. Nikachapa kwa vidole viwili, jasho likinitiririka hadi magotini. Adhana ya alasiri ilinikuta kwenye "wako mtiifu". Printa ikalia, naapa waliisikia hadi mtaa wa Kisumu Ndogo. Mwalimu akasoma mstari kwa mstari, kalamu nyekundu mkononi, akanirekebishia mahali pawili, kisha akatia sahihi. Nikawa nimepita.

Nikaishika disketi mpya kwa mikono miwili.

"Sasa hii, mwalimu, niikingeje na chumvi?"

Akavua miwani.

"Chumvi haifuti herufi. Kinachoharibu disketi ni joto. Ile mliichoma wenyewe."