Siku Mtaro Ulipokosa Rangi

Mama Uzi, fundi cherehani wa nyuma ya kiwanda cha nguo, hakuwa na haja ya kuuliza kitambaa gani kinakuja madukani. Alichungulia mtaro tu. Maji ya kiwandani yakipita mekundu, huyo, anakimbilia uzi mwekundu kabla mafundi wenzake hawajapiga mswaki. Walidhani mumewe ndiye anampenyezea siri. Wapi! Mumewe alifanya kazi humohumo, lakini ukimwuliza habari za rangi anakujibu habari za mpira.

Basi asubuhi moja akafungua dirisha, mtaro hauna rangi. Maji meupe pe, kokoto za chini zinaonekana. Mara ya mwisho maji kutakata vile, kiwanda kilikuwa kimefungwa, na mumewe akakaa nyumbani msimu mzima akimfundisha yeye kupika.

"Wamemfukuza," akajisemea. "Na alivyo, atanificha mpaka njaa imtangaze."

Hakufunga hata mlango. Futi kamba shingoni, pini mdomoni, akatinga getini.

"Niitie mume wangu! Kama kazi imeisha aniambie usoni!"

"Shemeji," mlinzi akasema, "toa kwanza pini, utazimeza."

Mumewe akatoka mbio na buti zake za mpira, uso umechanua kama bwana harusi.

"Mama watoto, umeyaona maji?"

"Nimeyaona! Wamekufukuza lini?"

"Nani kafukuzwa? Huo ni mtambo mpya! Tunapitisha umeme kwenye hewa, inatoka gesi kali, ozoni. Tunaipuliza chini ya tangi, mapovu yake yanaivunjavunja rangi yote. Na mimi ndiye nimekabidhiwa! Nilinyamaza makusudi. Wewe husadiki mpaka uone."

Mama Uzi akajibwaga kwenye benchi la mlinzi, akacheka mpaka machozi. Halafu kicheko kikakatika.

"Sasa mimi nitajuaje ninunue uzi gani?"

"Uzi na mtaro wapi na wapi?"

Miaka yote hiyo hakuwahi kumwambia. Alipomweleza, mlinzi alishika mbavu.

"Basi utaniuliza mimi," mumewe akasema.

"Wewe? Wewe unachojua ni nani kamfunga nani."

Jioni mume akarudi, akaketi kizingitini, na kabla hajagusa habari za mpira akasema, "Zambarau."

Alipomaliza kuvua buti na kuinua kichwa, mkewe alishakata kona, anakimbilia uzi.