Maneno Yaliyokaa Mikononi mwa Oloo

Mnanisumbua na hiki kisa. Kilipotokea hapa mtaani kwetu Lindi hakuna aliyetaka kukisikia, sasa wote mmeota masikio. Kalamu yenyewe inaniumiza vidole. Lakini nikinyamaza mtaambiwa na wajinga kwamba Oloo alirukwa na akili, na hilo silikubali.

Oloo alikuwa fundi wa vitanda na makabati. Mwaka wa tisini na nne kiharusi kilimwangusha akiwa ameinamia ubao. Alipopata nafuu, miguu ilitembea na mikono ilishika, ila maneno hayakuwepo. Ukimwuliza jina lake, midomo inahangaika, halafu anatingisha kichwa kukubali. Alikubali kila kitu. Ungemwuliza kama amekufa, angekubali.

Mkewe, Nereah, aliuza omena, wale dagaa wa ziwani, na hakuwa mwepesi wa kukata tamaa. Alimwita Urbanus, aliyefundisha ngumbaru kanisani, watu wazima waliokuja kujua kusoma. Urbanus akaja na kadi alizokata kwenye katoni, kila moja na picha yake.

"Mama Mitchelle, kichwa ni kabati," akasema. "Droo hii majina ya vitu, droo hii matendo, na kuna sheria za kuyaunganisha. Droo zimekwama tu."

"Basi zikwamue, mwalimu. Makabati huyu anayajua, ametengeneza mengi."

Wiki tatu Urbanus alimwonyesha picha ya nyundo. Oloo alitokwa na jasho. "Hii… hii… hii." Siku ya mwisho alilia, mwanaume mzima, na kadi ikalowa.

Asubuhi moja Nereah alichoka kukiruka kitanda ambacho Oloo alikiacha nusu mlangoni. Akampa mumewe randa, angalau apunguze mguu wa kitanda. Oloo akasukuma mara ya kwanza, mara ya pili. Mara ya tatu akasema, "Randa haikati."

Nereah alimwaga omena yote chini. "Umesemaje, Baba Mitchelle?"

Oloo akaacha kazi, akainua macho, na neno likatoweka. Alipoanza tena kusukuma, likarudi.

Kuanzia hapo Nereah hakuuliza tena maswali. Alimpa msumeno, neno likaja. Akamwachia sufuria akoroge mboga, Oloo akasema "chumvi". Jina la mtoto wake, Mitchelle, lilimjia akimfunga viatu. Nereah aliona wazi kwamba maneno hayakupangwa mahali popote. Yalikuwa yamesukwa pamoja na harufu ya mbao, uzito wa chuma na miaka ishirini ya kusukuma na kuvuta. Ukivuta uzi huu, na ule unafuata.

"Hayo ni mazoea, si akili," Urbanus akamwambia. "Hata kasuku husema."

"Kasuku gani analalamika randa haikati?"

Mwezi wa nane ndipo Simeon, kaka mkubwa wa Oloo aliyekaa mtaa wa Kongo kule Kawangware, alipotuma ujumbe. Wazee wameamua Oloo arudishwe kijijini kwao Ugenya, kwa sababu mtu asiyejitambua haachwi mjini. "Tunakuja Jumapili. Akisema kwa kinywa chake kwamba anataka kubaki, atabaki."

Jumamosi Nereah akafanya kile ambacho mke yeyote wa kwetu angefanya akisikia mashemeji wanakuja. Alifagia unga wa mbao hadi ukutani. Alibeba benchi na vyombo vyote vya kazi akaviweka kwa jirani yake Sella. Akatandika vitambaa vyeupe kwenye viti, na kesho yake akamvalisha Oloo suti ya harusi. Nyumba ikang'aa.

Simeon alikaa na wazee aliokuja nao, akanywa chai, akauliza, "Omera, ndugu yangu, mimi ni nani?"

Oloo alipapasa kitambaa cha kiti. "Hii… hii."

"Unataka kukaa hapa?"

Vidole vyake vilitafuta, vikakuta suti tu. Hapo ndipo Nereah alipoelewa alichofanya. "Shemeji, ngoja! Nileteeni… niacheni nilete randa!"

"Mtu anaulizwa habari ya maisha yake, wewe unaleta randa?" Simeon akasema, na wazee wakacheka. Alikimbia hata hivyo. Kwa Sella kulikuwa na kufuli. Sella alikuwa kanisani. Nereah aligonga kufuli kwa jiwe mpaka mkono ukachubuka, nalo halikulegea. Aliporudi, nguo za Oloo zilikuwa tayari kwenye mfuko.

"Nimemwuliza kama twende," Simeon akasema. "Ametingisha kichwa. Amekubali."

Kule Ugenya walimnyima hata kisu, wakihofia atajikata. Alikalishwa kwenye kiti kuanzia asubuhi hadi jioni. Nereah alipokwenda Krismasi, hata ile "hii" haikuwepo. Mwezi wa tatu wakamzika, na mhubiri akasema alikuwa mtu mkimya.

Haya, nimeandika. Sasa ni zamu yako. Katika ploti yenu, kwenye vyumba hivyo mnavyopanga, yuko mtu ambaye ulimi wake umefungwa, yuko, usinidanganye. Nenda kwake kesho. Usimwulize jina wala mwaka. Mshikishe kazi aliyoizoea, ukae hapo mpaka aseme kitu, kisha uje uniambie amesema nini. Bila neno lake, usinibishie mlango.