Nilichojifunza Ni Kuvua Viatu

Mkitaka kunicheka nichekeni, lakini jambo hili linaniuma. Zahanati yetu ya mtaani ilipopewa kompyuta, nilitumwa kwenye kiwanda kimoja cha Industrial Area nikaone wenzetu wanavyoitumia. Nilirudi na daftari limejaa: viatu vinavuliwa mlangoni, pazia liwe zito, kompyuta ifunikwe kitambaa. Katikati ya wapiga chapa niliona mzee mwenye miwani ameketi. Nikadhani ni tarishi anayengoja chai.

Nikatundika pazia, nikawavua wenzangu viatu. Kisha nikamwambia Mzee Musyoka, aliyetunza kadi zetu za wagonjwa miaka yote, kwamba kazi yake imekwisha.

"Sawa, kijana wangu," akasema, akachukua koti lake.

Juzi mama mmoja alimleta mwanawe, Brian Otieno. Kompyuta ikatoa Brian Otieno watatu, nami nikachagua mmoja. Nesi alishashika sindano mama alipouliza, "Kwani Mzee Musyoka hayuko? Yeye anajua huyu wangu hadungwi penisilini."

Jana Bi. Njeri wa kile kiwanda alikuja kutuona. Nilimpokea nikiwa na soksi tu, kifua mbele. Akakitazama chumba chote.

"Na mtu wenu wa kadi anaketi wapi?" akauliza. "Sisi wetu tulimweka katikati. Bila yeye hatungejua nani ni nani."

Nesi akanigeukia. Mimi nikainamisha macho hadi miguuni, ambako kidole gumba kilikuwa kimetoboa soksi, nacho hakikuwa na pa kujificha.