Kioo cha Bwana Nyuki

Saa mbili asubuhi, duka la Abdulrasul limeshafunguliwa, ingawa rafu zake hazina cha kuuza ila misumari na tambi za jiko. Nje kibarazani Masolwa amepiga magoti mbele ya ndoo. Anakimwagia maji kioo cha mbele cha pikipiki, taratibu, kama mama anayemwosha mtoto kichwa, na mkono wake haukigusi.

"Watu wanakipangusa kikiwa kikavu," anasema bila kuinua macho. "Vumbi la huku ni mchanga mtupu. Mtu anadhani anasafisha, kumbe anakwangua."

Wote hapa Tabora wanakiita kioo, lakini ni plastiki. Pikipiki ikitembea miaka miwili mitatu kwenye njia za Kaliua na Nzega, plastiki hiyo huingia mikwaruzo na ukungu, mpaka mwendeshaji anainua shingo achungulie kwa juu, na hapo vumbi na mbung'o humpata usoni. Zamani ungenunua kipya ukamaliza shida yako. Mwaka huu wa 1983, hata tyubu ya tairi huioni, sembuse kioo.

Ndipo anapohitajika Masolwa. Husugua kwa msasa wa maji, kwanza ule mkali, kisha laini, kisha hupaka dawa ya meno kwa kitambaa cha flana. Dawa ya meno ilipoadimika akaanza kusaga chaki na kuipepeta kwenye kipande cha kanga. Mwisho hupaka nta ya nyuki, ambayo Unyamwezi haijawahi kupungua. Kioo kimoja ni shilingi ishirini. Wiki njema hupata vioo vitatu, wiki mbaya hurudi nyumbani na ndoo yake tu.

Sasa niambie, mtu huyu hana kazi? Kwa macho ya wanaoendesha msako wa wasio na kazi mjini, hana. Mwenye kazi ni mwenye mwajiri au shamba, na wengine wote warudi vijijini wakalime. Masolwa amekwisha kuandikwa kwenye orodha yao. Keshokutwa Jumatatu anatakiwa uwanjani na mkewe Ng'washi na mizigo yao, lori linawangoja. Kitakachomwokoa ni kupata mwajiri kabla ya hapo.

Na mwajiri yupo, au alikuwa karibu kuwapo. Kioo hiki anachokiosha ni cha Wenceslaus, bwana nyuki wa serikali, kijana anayezungukia warina asali wa maporini. Alikileta Jumatano akatoa ahadi mbele ya Abdulrasul: mzee ukikifanya kionyeshe njia tena, nitasema na mkubwa wangu uingie kibarua kwenye karakana yetu.

"Usiku ule nililala," anasema Ng'washi, aliyeleta uji kwenye chupa. "Tangu waje kutuandika sikuwa nimelala."

Lakini kioo kina ugonjwa mwingine. Masolwa anakiinua juu ya kichwa. Chini ya mikwaruzo kuna vinyufa vyembamba, maelfu, vimetambaa ndani kwa ndani, na msasa hauvifikii.

Vilitoka wapi? Kwa warina asali hakuna asiyejua kwamba gundi ya nyuki ikikushika mikono, haitoki kwa sabuni. Inatoka kwa petroli. Kila ofisi ya nyuki ina kopo lake na kitambaa chake. Wenceslaus akirudi kutoka porini, gundi imemganda viganjani na nyuki wamepasukia kwenye kioo, alikuwa akinawa mikono kwa kitambaa kile, kisha kwa kitambaa hichohicho anafuta kioo. Amefanya hivyo mwaka mzima, jamani, na petroli yenyewe ya kupanga foleni.

"Petroli inaila plastiki ndani," anasema Masolwa. "Hata nisugue mpaka itoboke."

Saa sita mchana anajaribu kilichobaki. Anayeyusha nta, anaipaka nene, anaisugua kwa flana. Nta inaziba vinyufa. Pale kivulini kioo kinang'aa, barabara yote inaonekana kupitia humo, hata maandishi ya duka la ng'ambo.

Abdulrasul anatoka na kikombe cha chai mkononi, anakiangalia. "Mpe hivyohivyo, fundi."

"Nta haitakaa."

"Itakaa mpaka Jumatatu. Wewe unataka ikae mpaka lini?"

Masolwa anakaa na kioo mapajani, na uso wake ni wa mtu aliyebanwa kweli. Ng'washi anafunga na kufungua kizibo cha chupa ya uji, na uji wenyewe ulikwisha zamani.

Wenceslaus anafika saa kumi. "Shikamoo, mzee."

"Marahaba, bwana nyuki."

Kijana anakishika kioo pale kivulini, anacheka kwa furaha. Hakutegemea. Anaingiza mkono mfukoni atoe shilingi ishirini, na Ng'washi amekwisha kusimama.

"Njoo nacho huku nje," anasema Masolwa.

Anamsimamisha katikati ya barabara, uso wake kuelekea jua linaloshuka, anamwambia achungulie. Kioo chote kimegeuka cheupe, kama maziwa yaliyomulikwa na taa. Mtu anapita na baiskeli mbele yao, na Wenceslaus anasikia kengele yake bila kumwona.

"Ukitoka porini jioni, jua liko usoni hivi," anasema Masolwa. "Hutamwona ng'ombe wala mtoto. Kitupe, uvae miwani."

Wenceslaus anakishusha kioo, anakigeuza upande huu na huu. Si mtu mbaya. "Mkubwa atauliza kioo kiko wapi," anasema mwishowe. "Nimwambie namletea fundi aliyeshindwa?"

"Mwambie alivyokwambia fundi."

"Hataelewa, mzee." Anaacha noti ya ishirini juu ya ndoo. Masolwa anamrudishia. Wanabishana kidogo kwa adabu, kisha kijana anawasha pikipiki isiyo na kioo, anaondoka amekunja macho.

Abdulrasul anaingia ndani. Masolwa anaanza kukunja misasa yake.

Babu yake, anasema, alikuwa mpagazi aliyepita Kwihara, hapo nje ya mji, na mzigo begani hadi pwani. "Alikwenda kwa miguu yake, akarudi kwa miguu yake. Mimi napakiwa tu."

Alipakiwa mara ya kwanza mwaka 1974, watu walipohamishiwa vijiji vipya kwa lazima, kutoka nyumbani kwake kule Lusu. Lori liliwashusha porini giza limeingia, mvua inanyesha. Akakata miti kwa kupapasa, akasimamisha kibanda. Kulipokucha akakuta mlango umeelekea upande mvua inakotoka. Hakukuwa na nguvu wala miti ya kujenga upya. Maji yaliingia msimu mzima. Mtoto wao wa pili, msichana, alishikwa na kifua, na hakuvuka msimu ule.

Kwa hiyo akiulizwa anatarajia nini Jumatatu, Masolwa hazungumzii pikipiki wala mji. Anamtazama mkewe kwanza.

"Naomba watushushe kungali mchana," anasema. "Nichague mwenyewe pa kuweka mlango."