Mti wa Kutanulia Tanga

Loy alizaliwa Mwello, kwenye mihogo na mtama, na miaka yote aliyokaa Majanji, ufukweni mwa ziwa, hakuwahi kuyaamini maji. Mumewe alimcheka kwa hilo mpaka alipokufa, naye alikufa kwa homa, kitandani. Akabaki na Fabiano, mtoto wake wa pekee.

Fabiano hakukulia uvuvini. Ujana wake aliumalizia mpakani Busia, akivusha magunia ya unga kwa baiskeli. Aliyafunga kwa vipande vya mpira wa tyubu, na mzigo wake haukuwahi kuanguka. Wafanyabiashara wa pande zote mbili walimsifu kwa hilo. Mgongo ulipomshinda, akaurudia mtumbwi wa baba yake. Injini ilikuwa imeshakufa. Yalibaki matanga mawili ya turubai, kubwa la mlingotini na dogo la mbele.

Dogo ndilo lililomsumbua yeye na Oketcho, mjomba wake aliyevua naye. Upepo ukitoka nyuma, kubwa lililikinga, nalo likabaki kupigapiga kama nguo kwenye kamba. Walichelewa kufika, na lori la barafu lililochukua samaki halikumngoja mtu. Basi Fabiano akakata mkalitusi mchanga, akaubambua gome, akaukausha kivulini. Ncha moja aliichonga panda ya kukumbatia mlingoti. Ncha ya pili ilikuwa ya kuisukuma pembe ya tanga nje, upande wa pili wa lile kubwa. Siku ya kuujaribu, tanga lilituna kama tumbo la mbuzi aliyeshiba.

Loy alitazama mikono tu. Fabiano aliifunga pembe ya tanga kwenye mti kwa mpira wa tyubu: akavuta, akazungusha, akavuta tena, akaichomeka ncha ndani. Ndivyo alivyofunga magunia.

"Fundo hii utaifungua namna gani upepo ikikasirika?" Loy aliuliza.

"Mama, mzigo yangu iliwahi kuanguka lini?"

Oketcho alisema dada yake anataka wafunge kwa uzi wa kushonea vitambaa vya meza. Wakacheka. Loy hakucheka. Gunia halitakiwi lianguke. Lakini tanga, alivyoona yeye, kuna saa linatakiwa lianguke. Hakujua aliseme vipi mbele ya wanaume na ziwa lao. Akachukua kisu chake cha mihogo, akakificha kwenye mfuko wao wa chakula, chini ya viazi vitamu. Tangu hapo akawa anakitia humo kila walipotoka, nao wakadhani ni cha kumenyea viazi.

Kwa muda walikuwa wa kwanza kufika. Watu wakaanza kuuulizia ule mti.

Asubuhi moja wingu lilipanda nyuma yao wakiwa njiani kurudi. Loy alisimama ufukweni na majirani. Aliona tanga kubwa likishushwa. Dogo likabaki limetuna, peke yake, upande mmoja. Mtumbwi ukainama, ukainama tena. Kisha hapakuwa na tanga.

Oketcho aliokolewa na mtumbwi mwingine. Hakumtazama dada yake alipoeleza. Kadiri upepo ulivyovuta, fundo lilizidi kukaza, na Fabiano alipambana nalo kwa vidole, kisha kwa meno. Oketcho alimwambia akate.

"Akate na nini, dada? Kisu ya mtumbwi ilianguka kwa maji usiku."

Loy akamuuliza kama walikuwa wamekula.

"Upepo ilikuwa nzuri. Mfuko hatukufungua, tulisema tutakula nyumbani."

Fabiano alipatikana kwenye matete. Siku ya matanga wanaume walitafuta miti ya kusimamishia turubai la waombolezaji, na Nathan, jirani, akaja na mti ulionyooka vizuri aliouokota ufukweni. Kwenye ncha yake ulining'inia mpira mweusi na kipande cha tanga.

Loy alimwambia auweke chini. Akaketi kando yake, akaliinamia fundo. Wanawake walidhani analia, wakamwacha. Alikuwa akitafuta ncha ya mpira ilipochomekwa, na kucha zake hazikuipata.