Soya Ndani ya Kibuyu cha Maziwa

Daktari alipomkataza mama chumvi kwa sababu ya presha, mama aliitikia kwa heshima zote, kisha tulipofika nyumbani akagoma kula. Nilikuwa nimemtoa kijijini kwake Mwitongo nikamleta kwangu Makoko ili nimwangalie, na sasa nilikuwa namwangalia akikonda. Dagaa anawadonoa tu, sahani inarudi jikoni. "Hiki ni chakula cha wagonjwa," anasema, kana kwamba mgonjwa ni mimi. Mama yangu ni mbishi, na ubishi wake nimeurithi wote.

Rafiki yangu wa Kabasa, kule Bunda, ndiye aliyenifundisha soya ya kuchachusha. Unaichemsha mpaka ilainike, unaichuja, unaifunika kwa majani ya mgomba penye joto mpaka inate na kunukia. Ukiianika na kuitwanga, kijiko kimoja kinaikoleza mboga, ulimi hauulizi chumvi. Zamani aliiacha ijichachukie yenyewe, mara inatoka tamu, mara imeoza. Siku hizi anatia chachu ya pakiti soya ikishapoa, na haimwangushi. Alinigawia pakiti mbili.

Nikachemsha soya yangu, nikaichanganya na pakiti moja kwenye beseni, nikaifunika, nikaenda sokoni. Kurudi, beseni tupu. Mama alikuwa amekifukiza kibuyu chake cha maziwa kwa kijinga cha moto, akashindilia soya yote humo, akakiziba kwa gunzi.

"Kitu cha kuchacha kinakaaga kwenye kibuyu," akaniambia. "Mimi nilikuwaga nagandisha maziwa hata wewe hujazaliwa. Beseni ni ya kufulia."

"Mama, hii inataka hewa. Siyo maziwa."

"Hewa ya nini? Inaendaga wapi?"

Nilicheka huku nimekasirika. Lakini kwetu mtu hampokonyi mama yake kibuyu, basi nikakiacha. Tulipokuja kukizibua, harufu ilitutoa nje wote wawili. Mama alikitazama kibuyu chake kwa huzuni. Neno "nimekosea" halijawahi kupita kinywani mwake, na siku hiyo pia halikupita. "Leta hiyo pakiti nyingine," akasema tu. Nilimpenda sana kwa hilo.

Safari hii beseni alililinda yeye. Kila asubuhi anafunua jani, ananusa, anafunika, na ole wako upite karibu na maji machafu. Soya ikachacha vizuri, tukaianika, akaitwanga mwenyewe.

Niliitia kwenye majani ya kunde, bila chumvi hata chembe, nikakaa mbele yake nikimtazama. Akaonja. Akamega tonge jingine, kubwa, akachovya. Aliendelea hivyo mpaka sahani ikang'aa. Kisha akafungua pindo la kanga yake, akatoa kipande cha chumvi ya mawe, akaniwekea kiganjani.

"Chukua," akasema. "Nilikuwaga nalamba ukitoka."

Nilitaka kumgombeza, nikashindwa. Nikaenda jikoni kumwongezea mboga.