Rafiki wa Jukwaani

Kwa miaka ishirini na miwili fundi wa maleba wa jumba la maigizo alishona nguo za marafiki wa kweli, na aliwachukia wote. Waigizaji walimwita Pini, maana hakukosa pini mbili tatu mdomoni, na maneno yake yalichoma vilevile. Ukitaka kumjua rafiki wa kweli katika tamthilia za kale, alisema, achana na maneno yake, tazama nguo zake. Mfalme ana kanzu saba. Rafiki ana moja, nayo ina tundu la kisu, kwa sababu hufa kwa ajili ya mwenzake kabla hata ya mapumziko ya onyesho. Watazamaji wanalia, wanapiga makofi, kisha wanarudi makwao kusengenyana.

Pamoja na ukali wote huo, Pini alikuwa na rafiki. Mwigizaji mkuu, waliyemwita Bibie, alikuwa na sauti ya kuamsha mtaa mzima, lakini kichwa chake hakikushika mistari. Kila mchana alijifungia na Pini katika chumba cha cherehani, na Pini, huku akipinda nguo, alimsomea sehemu za wengine wote: baba mkwe, hakimu, mlinzi wa lango. Bila yeye Bibie asingemaliza onyesho hata moja. Walikuwa chanda na pete. Watoto wa Pini walimwita mama mdogo.

Mwaka huo iliandaliwa tamthilia ya kale ya wanawake wawili: mmoja anashtakiwa kwa kosa asilolitenda, na rafiki yake, sehemu aliyopewa Bibie, anaingia barazani kwa hakimu kukiri kwamba mkosaji ni yeye. Siku mbili kabla ya onyesho, Pini akiwa amekwenda kuchukua nyuzi, Bibie alianza kunyoosha kitambaa chake kwa pasi juu ya meza ya Pini. Simu ikaita. Akaiacha pasi juu ya joho la hakimu, nguo kongwe kuliko zote jumbani, akatoka kuongea. Waliporudi wote wawili, joho lilikuwa na tundu la ukubwa wa sahani. Bibie aliapa kwamba atakwenda kukiri mwenyewe kwa mkurugenzi wa jumba.

Mkurugenzi aliwaita ofisini akauliza ni nani. Pini alinyamaza kwa makusudi, ampe mwenzake nafasi. Bibie alitazama kucha zake, kisha akasema kwamba yeye alivutwa na harufu ya moshi tu, na kwamba siku hizi fundi anasahau sana, umri nao. Pini alipofungua mdomo kujitetea, mkurugenzi alikwisha amua: akusanye vyake, aondoke leo hii. Kikulacho ki nguoni mwako, na Pini, aliyeishi na nguo maisha yake yote, hakuwa amekiona.

Alikuwa akifunga mikasi yake Bibie alipoingia, kitabu cha tamthilia kwapani. Hakuwa na haya hata chembe.

“Usinikasirikie, mwenzangu. Wewe ni fundi, kazi utapata popote. Mimi wakinitoa hapa nimekwisha.” Akamnyooshea kitabu. “Nisomee pale barazani, mara moja tu. Bado pananipiga chenga.”

Pini alitema pini zake kiganjani. Kitabu alikipokea, lakini hakukifungua.

“Nani aliacha pasi juu ya joho la hakimu?” akauliza.

Bibie aliinamisha uso. 

“Ni mimi,” akasema. “Mwenzangu hana hatia. Ni mimi.”

Machozi yakamtoka. Pini aliyajua machozi yake ya jukwaani, yaliyoshuka taratibu bila kuharibu wanja. Haya yalikuja na kamasi. Japo hakupenda, moyo wake ulilainika.

Makofi yakasikika mlangoni. Mkurugenzi alikuwa amekuja kuchukua funguo za chumba, akakuta jibu bila kusikia swali.

“Hivyo hivyo,” alimwambia Bibie. “Ndivyo mtu anavyokiri. Kesho kutwa usibadilishe kitu.”

Pini alimtazama Bibie, akangoja. Sentensi moja tu ilitosha: kwamba hakuwa akiigiza. Mkurugenzi alikuwa hatua tatu kutoka kwake, na kazi ya miaka ishirini na miwili ilikuwa ikining'inia hapo.

Bibie alijifuta pua kwa kiganja, akainua kichwa.

“Sauti ilifika hadi viti vya nyuma?” alimuuliza mkurugenzi.

“Imefika,” Pini akamjibu, akaweka funguo mezani, akatoka bila kuaga.